Umehamia nyumba mpya na kiwanja ni cheupe: miti uianzie hapa

Nauza miche Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, na wateja wangu wengi ni watu waliohamia juzijuzi. Nyumba imeezekwa, madirisha yameingia, rangi bado inanuka, na nje hakuna hata kichaka. Jua la saa nane linawafuata mpaka sebuleni. Hapo ndipo wanapokumbuka miti. Wanakuja Jumamosi na gari, wanataka miembe minne, michungwa minne, minazi miwili, ashoki za kuzunguka ukuta na "lile parachichi la kuuza nje". Nikiuliza kiwanja kina ukubwa gani, jibu ni lilelile: ishirini kwa ishirini.

Hizo ni mita za mraba 400. Toa nyumba, toa chemba, toa tangi la maji, toa mahali pa gari. Ukijitahidi sana unabaki na nafasi ya miti mikubwa miwili au mitatu, na midogo mitano. Biashara yangu ni kuuza, nami ningefurahi kukuuzia ishirini, ila mwakani utarudi kuniambia miche yangu mibovu. Basi chukua michache, uivushe jua la mwaka wa kwanza na wa pili. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka kwenye neno hilo.

Anza na kiwanja, si na mche

Kabla hujaja kwangu wala kwa muuzaji mwingine yeyote, zunguka kiwanja chako na fundi aliyejenga, au angalau umpigie simu. Muulize bomba la maji safi linapita wapi, la maji taka linatokea wapi mpaka kwenye chemba, na kama kuna waya wa umeme uliofukiwa. Weka vijiti. Watu wengi wanaijua nyumba yao kwa ndani tu.

Kisha simama nje saa tisa alasiri uone ukuta upi unaungua. Upande huo wa magharibi ndio wa mti wa kivuli. Mwembe uupe mita nane kutoka ukutani, sita kama nafasi imebana, na ukikosa hata hizo sita panda mndimu. Mndimu, mkomamanga, mstafeli na mpera ni miti ya kiwanja kidogo: mita tatu kutoka ukutani inatosha, na jikoni hutakwenda tena sokoni kwa ajili ya ndimu mbili. Mwarobaini unakua haraka na ukishashika hauombi maji, lakini usiuweke karibu na paa unalovunia maji ya mvua, majani yake yatajaza mifereji. Mkungu una kivuli kizuri, matawi yanakaa ghorofa kwa ghorofa, ila mizizi yake inatembea juujuu na itakuinulia pevingi zote. Ashoki haina ugomvi na ukuta, lakini usiitegemee kwa kivuli. Ni nyembamba, na kivuli chenyewe kitaangukia kwa jirani. Mnazi usiupande penye maegesho wala pale watoto watakapochezea. Nazi haipigi hodi.

Chochote cha jamii ya mkuyu, hata ile midogo ya mapambo inayouzwa kwenye vyungu, kiweke mbali kabisa na chemba. Mizizi yake inanusa maji. Ikiona ufa mdogo kwenye bomba inaingia, na utakuja kujua siku choo kikigoma.

Kifusi

Shamba halina adui huyu, nyumba mpya inaye: ujenzi wenyewe. Mahali fundi alipokuwa anachanganyia zege na chokaa panaonekana. Ardhi ni ya kijivu, ngumu, maji yanasimama juu kidogo halafu yanapita pembeni. Saruji ina chokaa nyingi, na udongo wenye chokaa nyingi unaunyima mti madini ya chuma hata kama yamo humohumo ardhini. Utaona majani machanga ya mchungwa yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Watu wanaleta jani kwangu wakidhani ni ugonjwa, wananunua dawa, wanapuliza. Dawa haiwezi kitu hapo. Ama hama mahali, ama chimba utoe udongo huo wote mpaka ufikie ulio salama, ulete mwingine.

Jambo la pili la kifusi ni mbao. Vipande vya mbao za kupigia zege, ncha za mirunda, mifuko ya saruji ya karatasi: mafundi huvifukia ili uwanja uonekane safi siku ya kukabidhi funguo. Umewaandalia mchwa karamu, na wakimaliza mbao wanahamia kwenye mche, hasa wakati wa kiangazi. Ukichimba shimo ukakuta mbao, toa zote, hata vipande vya kidole.

Jaribio moja zaidi kabla ya kununua chochote. Chimba kishimo cha kina cha mkono mpaka kiwiko, kijaze maji. Yakinywewa, jaza tena. Kama haya ya pili yamelala mpaka asubuhi, hapo parachichi na papai hazina maisha. Udongo wa kichanga, kama wa Kigamboni au sehemu nyingi za Mbagala, una shida ya kinyume: maji yanapotea ukiyatazama, kwa hiyo samadi iwe nyingi na matandazo yasikosekane.

Shimo

Futi mbili upana, futi mbili urefu, futi mbili kina, yaani sentimita 60 kila upande. Kibarua atakuambia hilo ni shimo la choo. Mlipe achimbe. Ila simama naye mwanzo, umwambie udongo wa juu, ule mweusimweusi, auweke kulia, na wa chini auweke kushoto. Ukishachanganyika huwezi kuutenganisha tena.

Wa juu ndio unaochanganywa na samadi iliyooza, debe moja mpaka mawili kwa shimo, na ndio unaorudi kwanza. Samadi iliyooza utaijua kwa mkono: uzamishe ndani ya rundo, usikie ubaridi, na pua isichomwe. Ya kuku ni kali, nusu debe inatosha na iwe imelala miezi kadhaa. Jaza shimo mpaka udongo upande juu kidogo ya usawa wa ardhi, chomeka kijiti katikati, uache wiki mbili tatu ushuke wenyewe. Mtu anayejaza leo na kupanda leo, mche wake unazama pamoja na udongo, na mvua ya kwanza inaufukia shingo.

Kwa Pwani na Dar es Salaam, chimba Februari, jaza mwanzoni mwa Machi, panda masika yakikolea. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti ni tarehe 1 Aprili, na kwa upande wetu huu tarehe hiyo ina akili. Usipande kwa mvua moja iliyopita jana usiku. Fukua kidogo uone unyevu umeshuka kiasi gani. Ukifika kiwiko, panda. Vuli nayo unaweza kupandia, Novemba hivi, ukijua kwamba Januari na Februari utakuwa na kazi ya ndoo kila wiki.

Kuchagua mche

Kijana mmoja alikuja, ana haraka, gari ameiacha inanguruma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Naomba ule mwembe mrefu kuliko wote."

"Ule siuzi."

Akacheka, akadhani napandisha bei. Nikamwinamisha aone chini ya kiriba: mizizi ilikuwa imepasua nailoni na kuzama ardhini. Ule mche ulikuwa umeshahamia kwangu. Nikiung'oa nakata mizizi inayoulisha, na yeye anapeleka nyumbani kijiti chenye majani. Alichukua mwingine, wa kufika chini ya kiuno, shina limenenepa kiasi cha kidole gumba. Huo ndio kimo cha kununua: kati ya goti na kiuno.

Ukiwa kitaluni shika shina utikise taratibu. Kama udongo wa kiriba unatikisika mbalimbali na shina, mche umehamishiwa kwenye kiriba hicho kikubwa juzi ili uuzwe bei ya juu. Uache. Kama ni mche wa kubebesha, yaani kikonyo cha mti unaozaa kimeunganishwa juu ya mche wa mbegu, tafuta maungio: kovu la mshazari, gamba la chini na la juu hayafanani, yote mawili yapo hai. Wapo wanaokata ncha ya mche wa mbegu na kuufunga nailoni wakuambie ni wa kubebesha. Ukiona nailoni, omba ifunguliwe ulione kovu kwa macho yako. Na ukinunua, hakikisha nailoni hiyo imetoka kabla ya kupanda, maana shina likinenepa inalikaba.

Mwembe wa kubebesha utazaa mwaka wa tatu au wa nne. Wa mbegu ujipe subira ndefu zaidi, na hujui utazaa nini. Dodo na bolibo wanayajua wote. Wenye kupenda embe kubwa wachukue Kent au Keitt, Apple nayo inapendwa. Kuhusu hilo parachichi la kuuza nje, Hass, ni mti wa Njombe, wa Mbeya, wa Kilimanjaro, kwenye ubaridi. Hapa kwetu chukua parachichi la kienyeji lililobebeshwa kutoka mti unaozaa Pwani hapahapa.

Mche unatoka kwenye kivuli cha kitalu. Usiupige jua la kiwanja cheupe siku hiyohiyo. Uweke ukutani upande wa mashariki, upate jua la asubuhi tu kwa wiki moja au mbili, ukiendelea kumwagilia.

Siku ya kupanda

Panda jioni. Mwagilia kiriba kwanza ili udongo ushikane. Kata kitako cha kiriba kwa wembe, kisha ubavu, mkono mmoja ukiwa chini muda wote. Bonge la udongo likivunjika, mizizi midogo yote imekwenda. Mizizi iliyojizungusha chini kwenye kitako ikate, usiionee huruma, kwa sababu itaendelea kuzunguka hivyohivyo maisha yake yote. Usawa wa udongo wa kiriba uwe sawa na usawa wa ardhi, na maungio yabaki juu ya ardhi kwa upana wa kiganja au zaidi. Shindilia kwa mikono. Buti za fundi hapana.

Zungushia kisahani cha udongo, upana wa beseni, ili maji yasikimbie. Kijiti cha kuegemea ukichomeke upande unakotoka kusi, kwa kuwa huo ndio upepo utakaousukuma mche baada ya masika, na ufunge kwa kipande cha kanga kuukuu, umezungusha namba nane, si kwa waya. Mche uwe na nafasi ya kucheza kidogo; ukicheza shina linakomaa.

Maji

Mvua inawadanganya watu. Aprili na Mei kila mche unapendeza, mwenye nyumba anapiga picha anawatumia ndugu. Halafu Juni mvua imeshakata, kuna baridi kidogo, mtu hasikii joto, hivyo hakumbuki maji. Kusi inavuma, udongo unakauka kimyakimya. Ifikapo Septemba jua limeanza kuwa kali na mche hauna akiba. Wateja wanaorudi kulalamika wanarudi mwezi huo.

Usimwagie kikombe kila jioni. Maji ya kikombe yanalowanisha vidole viwili vya udongo, mizizi inabaki hapo juu kuyasubiri, na siku ukisafiri kwenda msibani mti umekwisha. Mwaga ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, taratibu, ndani ya kisahani, mpaka yazame. Kwenye kichanga fanya mara tatu. Wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, kama mvua haijanyesha, mwagilia siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mwaka wa pili punguza siku, iwe ndoo mbili kwa mpigo mara moja kwa wiki. Ukiwa na wasiwasi usiulize majani, uliza udongo: chimbua kando ya kisahani kwa kijiko, ukikuta unyevu kwenye kina cha kidole kirefu, acha.

Kwa asiyekaa nyumbani, chukua dumu la lita 5, litoboe tundu moja dogo chini kwa msumari wa moto, lifukie nusu kando ya mche, ujaze. Linadondosha polepole mchana kutwa. Mfuniko ulegeze kidogo, la sivyo maji hayatoki. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi ukifukiwa mpaka shingoni unafanya vizuri zaidi, na hauna tundu la kuziba.

Visima. Onja maji ya kisima chako. Sehemu nyingi za Dar es Salaam na Pwani visima vina chumvi, na mche utakuonyesha: kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia, kuanzia nchani. Mnazi unavumilia. Mchungwa unateseka, parachichi linakufa. Kama huna maji mengine, mwagilia mengi kwa mara moja badala ya kidogokidogo, ili chumvi ishushwe chini, na mvua zikija uziachie zioshe. Maji ya kufulia yafaa yakiwa ya suuza la mwisho tu. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yamwage kwingine.

Tandaza nyasi kavu au makuti juu ya kisahani, unene wa vidole vinne, na acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina. Nafasi hiyo ndiyo inayokuwezesha kumwona mchwa akianza kujenga. Ukiona njia yake ya udongo inapanda shinani, ibomoe, sogeza matandazo, mwaga maji. Mchwa anapenda mti wenye kiu. Mbolea ya dukani mwaka wa kwanza sioni haja yake. Kiganja kimoja cha urea kilichomwagwa karibu na shina kimeshaua miche mingi kuliko njaa. Samadi nusu debe mwanzo wa kila msimu wa mvua, mbali kidogo na shina, inatosha.

Wanaokula

Mbuzi wa jirani ni suala la ukuta au la tenga la fito. Zungumza na jirani mapema, kabla ya mbuzi kuonja.

Kwenye mchungwa na mndimu angalia majani machanga kila baada ya siku chache. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege, kahawia na doa jeupe, kimelala juu ya jani. Kiguse kwa kijiti. Kikiinua kichwa na kutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, hicho ni kiwavi wa kipepeo. Baadaye anageuka kijani na kunenepa, na viwavi watatu wanaweza kuuacha mche mdogo mtupu. Hana haja ya dawa. Anatolewa kwa mkono, na watoto wanaifurahia kazi hiyo kupita maelezo, hasa hizo pembe. Mistari ya fedha iliyopindapinda kwenye majani ni ya mdudu mwingine, mdogo sana, anayetembea ndani ya jani. Inatisha kwa macho tu, mche ukiwa na maji ya kutosha utatoa majani mengine.

Mnazi mchanga ukikatwa majani kama kwa mkasi, makato ya pembetatu, kuna chonga, yule mende mweusi mwenye pembe. Anazaliana kwenye rundo la samadi na magogo ya minazi yaliyooza. Rundo lako lisikae karibu na mnazi. Kwa ushauri zaidi wa minazi, wataalamu wako TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo. Na ukiona sisimizi wekundu wanaoshona majani pamoja, wale wanaoitwa maji moto, usiwachome. Wanauma, ndiyo, lakini wanamfukuza yule mdudu anayenyonya vidaka vya nazi mpaka vinapukutika.

Kukata

Mwembe ukifika kifuani kata ncha, utoe matawi matatu au manne, ubaki mfupi wa kuchumwa kwa mkono. Chipukizi lolote linalotoka chini ya maungio ling'oe, hilo ni la mwembe wa kienyeji na litaumeza ule ulioununua. Na maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yakate. Hapa ndipo wateja wananigomea. Mama mmoja aliniambia, "Da'ngu, acha hata kimoja, watoto wamekihesabu." Nikamwambia waache kimoja, tawi likivunjika wasinilaumu. Mti wenye kimo cha mtoto ukibeba embe, nguvu ya mizizi yote inakwenda kwenye embe hilo.

Mche ukifa usiung'oe na kuutupa kwa hasira. Uchimbue mzimamzima, uoshe mizizi, uitazame. Ikiwa bado ina umbo lilelile la kiriba, haikutoka kabisa kuingia kwenye udongo, ama ilikosa maji ama udongo wa nje ni mgumu mno, panua shimo. Ikiwa myeusi, inateleza na kunuka, maji yalituama. Pandisha tuta au weka mti mwingine unaovumilia. Ikiwa imetafunwa, kuna mchwa, na pengine kuna mbao umeziacha chini. Endelea kuchimba mpaka uzione. Ukishajua, leta jibu hilo kitaluni Novemba, kabla ya kuchagua mche mwingine.